Ada ya Maharage

Mzee Gaudensi hakuwahi kushindwa kulipa ada ya mtoto. Alilisema hilo nje ya kanisa baada ya misa, alilisema kilabuni kwenye pombe ya ulezi, na alilisema hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Watoto wake watatu, Wiliam, Adela na Justa, wote walifika kidato cha nne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Ukimwuliza aliwezaje, hakujibu kwa maneno. Alikushika mkono, akakupeleka nyuma ya nyumba, akakuonyesha ghala.

"Benki yangu hiyo," alikuwa akisema, huku akiupiga ukuta wa ghala kwa kiganja. "Haina foleni."

Kwa hiyo Justa, kitindamimba wake, alipokata shauri kuomba nafasi katika chuo cha bustani kilichoko nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, Gaudensi hakutikisika hata kidogo. Mke wake Valeria ndiye aliyekosa usingizi. Mzee mwenyewe alilala na kukoroma kama kawaida yake.

Huyo Justa naye hakuwa binti wa kubabaika. Tangu amalize shule alikuwa ameligeuza eneo lote nyuma ya jiko kuwa lake: kabichi, vitunguu, nyanya, na viriba vya miche ya parachichi vilivyopangwa mistari kama wanafunzi mstarini asubuhi. Kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha parachichi bora juu ya mche wa kienyeji, alijifunza kwa kuangalia watu wakifanya. Mwaka uliopita alibebesha miche arobaini, thelathini na mmoja ikakauka.

"Nataka nijue hii imekufa kwa nini," alimwambia baba yake siku moja, akiwa amechuchumaa mbele ya vijiti vikavu. "Na hii tisa iliyopona, nataka nijue imepona kwa nini. Maana hata hiyo sijui."

Gaudensi alilipenda sana neno hilo. Mtu anayekiri kwamba hajui hata sababu ya kufaulu kwake, huyo anafaa kusomeshwa.

Siku ya kuomba chuo walishuka mjini wote wawili. Maombi yalikuwa ya mtandaoni, wakaenda kwenye steshenari ya dada mmoja anaitwa Jane, kule mtaa wa Izia, mwanamke mwenye vidole vyepesi na kompyuta nzito. Justa alipigwa picha ya paspoti mbele ya shuka la bluu, vyeti vyake vikaingizwa kwenye mashine, na shilingi elfu kumi za maombi zikalipwa kwa simu. Gaudensi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya fotokopi, kofia magotini, akijihisi mzazi kamili.

"Jina la mzazi?" Jane aliuliza bila kuinua macho.

Justa akalitaja.

"Kazi ya mzazi?"

"Mkulima tu," Justa akajibu, naye macho yake yakiwa kwenye simu.

Jane akaandika, wakaendelea na mengine. Lakini Gaudensi pale kwenye kiti chake alikuwa ameshaguswa. Neno lile alilijua vizuri. Mwenyewe alikuwa amelitumia mara nyingi hospitalini, na kwa mtendaji wa kijiji, na mbele ya kila mtu mwenye kalamu: mkulima tu, mama, mkulima tu, mheshimiwa. Hakuwahi kudhani kwamba lina uzito. Sasa alilisikia kutoka mdomoni mwa mtoto wake aliyemsomesha kwa jembe hilohilo, na likamkaa kifuani kama ugali uliomezwa bila mboga. Wakati wa kurudi stendi alitembea mbele peke yake, haraka haraka, na Justa alihangaika kumfikia bila kujua amekosa nini.

Baada ya wiki tatu ujumbe ukaingia. Amechaguliwa. Jane aliwachapia maelekezo ya kujiunga, kurasa sita, na jioni ile Justa aliyasoma kwa sauti uani, mama yake akichambua mboga na baba yake akinoa jembe. Mwanachuo aje na jembe, reki, na mabuti ya mpira. Aje na fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Ada ya awamu ya kwanza ni shilingi laki saba, na malipo yakamilike siku ya kuripoti kabla ya saa kumi jioni. Asiyekamilisha, nafasi yake atapewa mwingine aliyeko kwenye orodha ya akiba.

"Tarehe ngapi?" Gaudensi aliuliza.

Justa akamtajia.

"Ipo."

"Kuna namba ya malipo hapa, baba. Wanasema..."

"Nimesema ipo, mwanangu. Kuanzia kwa Wiliam mpaka kwako nimelipa, leo ndiyo unifundishe kulipa ada?"

Hapa inabidi tumtetee kidogo mzee wa watu, maana hakuwa mjinga. Wiliam aliposoma sekondari ya kata na kulala hosteli, Gaudensi alipeleka mahindi na maharage. Mwalimu wa stoo aliyapima, akaandika kwenye daftari, wakapeana mikono. Kwa Adela ikawa hivyo. Kwa Justa ikawa hivyo. Hata yeye mwenyewe, enzi za utoto wake, alisoma kwa mapadri kwa magunia ya baba yake yaliyobebwa kwa baiskeli. Katika maisha yake yote hakukutana na mwalimu aliyemwambia kwamba maharage si ada. Ile namba ya malipo aliisikia, akaiona ni utaratibu wa watu wa mishahara, wale wasio na ghala. Hesabu zake zilikuwa safi kabisa: gunia la maharage mjini lilikuwa laki mbili na nusu, magunia matatu yanatosha, tena chenji inabaki.

Justa, kwa upande wake, alijua baba yake atauza maharage. Hakuwaza kwamba atayaleta.

Alhamisi binti alitangulia mjini kwa ajili ya fomu ya afya, akalala kwa shangazi yake Izia. Ijumaa alfajiri Gaudensi akapakia magunia matatu kwenye Canter ya Isdori, mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni ambaye walikuwa wakiitana mjomba kwa mjomba. Kabla gari halijaondoka, Valeria akatoka jikoni na kiroba amekikumbatia.

"Ya Justa," akasema.

Hilo halikuhitaji maelezo. Kwenye nyumba ile binti hakuondoka bila mbegu. Adela alipoolewa alikwenda na kiroba chake, na Valeria mwenyewe alikuja pale na chake, miaka thelathini na mitano iliyopita. Mbegu zilikuwa zikichaguliwa punje kwa punje, zikachanganywa na majivu, zikakaa darini juu ya moshi wa jiko mpaka msimu ufike. Jirani akikosa mbegu alipewa, au aliazimwa akarudisha baada ya mavuno. Kuuziwa, hapana. Gaudensi aliona kuuza mbegu ni kama kuuza shamba lenye kaburi la babu.

Kiroba kilikuwa na madebe mawili ya maharage ya njano. Akakiweka mbele, katikati yake na Isdori, kama abiria wa tatu.

Walifika chuoni saa nne asubuhi. Wazazi walikuwa wamejaa, wengine wametoka Katavi, wengine Songwe, wengine mwambao wa Ziwa Tanganyika na harufu ya dagaa kwenye mabegi. Chini ya turubai alikaa mama mmoja wa usajili, Bi. Asnath, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Justa alikuwa tayari kwenye foleni na fomu zake kwenye bahasha. Alipomwona baba yake akishuka kwenye Canter, uso ulimchangamka. Alipoona kilichopo nyuma ya Canter, ukamsinyaa.

"Shikamoo baba. Hayo magunia... hukuyauza?"

"Marahaba. Nimuuzie nani, na chuo kiko hapa?" Gaudensi akampita, akaenda moja kwa moja mpaka mezani, kofia mkononi, sauti imejaa. "Mama, habari za kazi. Mimi ni baba yake Justa. Ada nimekuja nayo. Mizani iko wapi?"

Bi. Asnath akavua miwani. "Shikamoo mzee. Mizani?"

"Marahaba. Ya kupimia. Magunia matatu, kavu kabisa. Ukikuta jiwe hata moja nirudishe nyumbani."

Foleni yote ikageuka. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bi. Asnath hakucheka, na kwa hilo Gaudensi alimshukuru baadaye. Alimweleza kwa upole kwamba chuo hakipokei mazao. Chakula kina mzabuni wake, na ada inaingia benki kwa ile namba ya malipo. Kuna wakala pale nje ya geti. Hata yeye mwenyewe haruhusiwi kugusa shilingi ya mtu.

"Sawa, basi nitayauza, nitaleta Jumatatu," Gaudensi akasema, bado kifua mbele.

"Mzee wangu, ni leo. Saa kumi mfumo unafungwa." Akagusa karatasi iliyokuwa chini ya kiwiko chake. "Hapa nina majina kumi na moja yanayosubiri mtu mmoja akwame."

Gaudensi akageuka, akamwona binti yake. Justa hakulia, hakulalamika. Alikuwa amesimama na bahasha yake, ameikunja pembeni bila kujua. Mzee aliona aibu. Hakumjali yule aliyecheka. Aliona aibu mbele ya ile bahasha.

"Nisamehe mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani..."

"Tuna saa sita, baba," Justa akamkatisha. "Saa sita ni nyingi."

Isdori akapiga simu. Alikuwa na rafiki yake mnunuzi wa mazao, Kasmir, aliyekuwa akipeleka mizigo mpaka mpakani Kasesya. Kasmir akafika saa sita mchana na pikipiki yake, akachoma gunia kwa kijiti cha chuma, akatoa punje, akatafuna moja.

"Mzigo mzuri," akasema. "Laki na themanini kwa gunia."

"Laki mbili na nusu!" Gaudensi akaruka.

"Ilikuwa mwezi uliopita, mzee. Sasa maharage ya ng'ambo yameingia. Nenda sokoni uzunguke, ukipata laki na tisini kwa mtu mwenye hela taslimu leo hii, nirudie unicheke."

Isdori alimpigia mtu wa sokoni. Kweli, laki na themanini, na kwa mkopo. Gaudensi akakubali. Laki tano na arobaini zikahesabiwa juu ya boneti. Mfukoni mwake alikuwa na elfu ishirini, akaziweka juu. Ilibaki laki moja na arobaini. Akampigia Wiliam, ambaye alikuwa akifanya biashara ya dagaa huko Kirando, hakupatikana. Akapiga tena. Hakupatikana.

"Na hicho kiroba?" Kasmir akauliza, akinyoosha shingo kwenye kabini. "Nikipime pamoja?"

"Hiyo mbegu," Gaudensi akajibu, na namna alivyolitamka neno hilo ilimfanya Kasmir arudi nyuma hatua moja, akamwagiza Isdori amletee magunia jioni, akapanda pikipiki, akaaga.

Justa akafungua mlango wa kabini. Alikitazama kiroba, akatia mkono, akatoa punje kiganjani, zikiwa na majivu ya jiko la mama yake.

"Hii ni yangu, siyo, baba?"

"Mama yako kakupa."

"Basi naiuza."

Gaudensi alimtazama kana kwamba amemtukana mbele ya watu. "Mbegu ya nyumba yetu haijawahi kuuzwa."

"Najua."

"Babu yako alikula mizizi mwaka wa njaa na mbegu iko darini. Hakuigusa."

"Najua baba, umetusimulia. Lakini babu aliiweka ili siku moja ipandwe. Hawa watu wote," akaonyesha kwa kidevu umati wa wazazi, "ni wakulima. Mvua inaanza baada ya miezi miwili. Nikimpa Kasmir inaliwa. Nikiwapa hawa inaota. Kikombe elfu moja. Humu havikosi vikombe mia na hamsini."

"Hapana."

"Baba, wewe umeleta magunia matatu mahali pasipopokea gunia. Mimi sijasema kitu. Niache na mimi nikosee la kwangu."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Gaudensi akapanda garini, akafunga mlango, akakaa kama mtu aliyefiwa. Akakata shauri kwamba hatatazama.

Justa akaazima kikombe cha bati kwa mama muuza chai pale getini, akatandaza kanga yake chini karibu na bomba, akakimimina kiroba. Maharage ya njano yakamwagika, yakang'aa katikati ya majivu. Watu wakaanza kusogea. Mama wa Katavi akauliza yanapandwaje. Mzee mmoja wa Songwe akauliza kama yanahitaji mbolea ya dukani.

"Hayahitaji," Justa akawaambia kwa sauti ambayo ilifika mpaka garini. "Sisi huku Ufipa tunapanda kwenye ntumba. Ni tuta la duara. Unalima, majani yote unayang'oa, unayatupa pembeni, unayachoma..."

Mlango wa Canter ukafunguka kwa kishindo.

"Unayachoma!" Gaudensi alishuka bila kutafuta ngazi. "Nani kakufundisha kuchoma? Leteni jembe! Hebu pisheni, pisheni!"

Jembe lilikuwepo, jipya kabisa, lile la kwenye orodha ya vifaa. Akalinyakua kutoka kwenye mizigo ya binti yake. Pale kando ya bomba ardhi ilikuwa na unyevu, na majani yalikuwa yameota mpaka magotini. Akakunja suruali, akavua viatu, akazamisha jembe.

"Majani hayachomwi, jamani. Majani ndiyo mbolea yenyewe. Tazameni. Unakata pamoja na udongo wake, unaligeuza pande, majani yanaangalia chini. Hili, na hili, na hili, unayakusanya katikati. Sasa udongo unapanda juu, unafunika. Usibakize jani linalochungulia. Mle ndani yanaoza, yanatoa joto, maharage yanakaa juu kama mfalme. Mwaka unaofuata unalisambaza tuta, unapanda ulezi palepale. Baba yangu alifanya hivi, na baba yake. Shamba langu lina miaka mingi kuliko mimi na halijaonja mbolea ya mfuko."

Alipomaliza tuta la kwanza watu wakamwomba la pili, maana waliokuwa nyuma hawakuona. Akapiga la pili. Mzee wa Songwe akaomba jembe ajaribu. Gaudensi akamsahihisha mkono. Mama mmoja akapiga picha kwa simu. Wanachuo wapya wakaacha foleni zao, na hata mkufunzi mmoja aliyevaa mabuti akaja, akasimama mikono nyuma, akauliza kwa heshima ulezi unafuatia baada ya miezi mingapi. Gaudensi akamjibu, naye akatoa daftari mfukoni, akaandika.

Na nyuma ya migongo ya watu kikombe kilikuwa kinafanya kazi. Mama wa Katavi vikombe kumi. Mzee wa Songwe kumi na tano. Mama muuza chai vitano, na nyongeza kwa sababu kikombe ni chake. Noti za elfu zikaingia kwenye bahasha ya Justa, ileile iliyokunjika pembeni.

Saa tisa na nusu Justa akahesabu, akahesabu tena. Laki moja na arobaini na mbili. Kwenye kanga ilikuwa imebaki chungu ndogo. Mnunuzi mmoja akanyoosha mkono na noti.

"Imetosha," Gaudensi akasema, akijifuta jasho kwa kofia. Akaichota chungu yote kwa viganja viwili, akairudisha kwenye kiroba, akafunga fundo. "Hii ya mtoto. Haiuzwi."

Wakaenda kwa wakala wakikimbia, mzee peku, viatu mkononi. Wakala akaingiza namba ya malipo tarakimu kwa tarakimu, Justa akimsomea, Gaudensi akipumua juu ya mabega yao wote wawili. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha ikatoa ulimi wa karatasi, na simu ya Justa ikalia. Laki saba zimepokelewa. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini.

Wakiwa wanarudi getini, Gaudensi akapunguza mwendo.

"Wewe Justa. Kweli hujui kwamba majani hayachomwi?"

"Baba, nilipokuwa na miaka saba ulinichapa kwa jani moja lililochungulia."

"Sasa pale..."

"Ungeshuka garini?"

Mzee akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomlazimu asimame na kushika nguzo ya geti. Justa naye akacheka, akalia kidogo palepale, akajifuta kwa kiganja chenye majivu, na uso wake ukawa na mistari.

Bi. Asnath alikuwa anakusanya karatasi zake. Akaipokea stakabadhi, akailinganisha na skrini, akagonga muhuri. Ile karatasi ya majina kumi na moja akaisukuma pembeni, akavuta fomu mpya ya usajili.

"Haya, Justa. Jina la mzazi au mlezi?"

Justa akalitaja.

"Kazi yake?"

Justa akageuka. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, suruali imekunjwa, udongo mpaka magotini, jembe begani, kiroba kidogo mkononi. Nyuma yake, kando ya bomba, yule mkufunzi wa mabuti alikuwa bado anayazunguka yale matuta, anayapima kwa hatua.

"Mkulima," akasema.

Gaudensi akalisubiri lile neno "tu". Alikuwa ameshajikaza kabisa, kama mtu anayesubiri sindano.

Bi. Asnath akaandika, akaweka nukta, akageuza ukurasa. "Na namba yake ya simu?"

Justa akafungua mdomo, lakini mzee akamtangulia. Aliitaja mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti ile anayotumia nje ya kanisa, na alipomaliza akairudia tena tangu mwanzo ingawa Bi. Asnath alikuwa amekwisha kuiandika.